Kabla ya Kulipia Kozi ya Eksirei, Uliza Kuhusu Leseni

Wakazi wa Nairobi wanaotaka kusomea kazi ya kupiga picha za eksirei wanahimizwa kuhakikisha kwamba masomo wanayoyalipia yatawawezesha kupata leseni. Bila leseni, cheti pekee hakimruhusu mtu kuendesha mashine ya mionzi hospitalini.

Mtaalamu wa eksirei ndiye anayemweka mgonjwa sawasawa, kupima kiasi cha mionzi na kupiga picha. Daktari wa radiolojia ndiye anayeisoma na kuandika ripoti. Mionzi ikizidi, inaweza kudhuru chembechembe za mwili, na hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana mwanamke huulizwa kama ana mimba kabla ya kupigwa picha.

Mahali pa kusomea

Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC, kilichoanza mwaka wa 1927, hutoa diploma ya miaka mitatu. Kampasi yake ya Nairobi iko karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta, mwendo mfupi kwa matatu kutoka katikati ya jiji, Kawangware au Dagoretti. Mwombaji anahitaji angalau wastani wa C katika KCSE, pamoja na alama zinazotakiwa katika masomo kama Biolojia na Fizikia. Maombi hupitia KUCCPS, ambayo ofisi zake ziko ACK Garden House, First Ngong Avenue. Wanafunzi wa KMTC wanaweza pia kuomba mkopo wa HELB.

Anayetaka shahada anaweza kuisomea katika Chuo Kikuu cha JKUAT. Katika ngazi zote mbili, mwanafunzi hujifunza darasani na pia kwa vitendo hospitalini.

Leseni

Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka wa 2019 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia Kenya, KNRA, iliyochukua nafasi ya Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi. Mamlaka hiyo hutoa leseni kwa wanaofanya kazi na mionzi na kukagua mashine na vyumba vyake.

Mfanyakazi huvaa beji inayopima mionzi anayopokea. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka kwa mfanyakazi, na 1 kwa mwananchi wa kawaida, bila kuhesabu mionzi ya matibabu yake mwenyewe.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kulipa karo, mzazi au mwanafunzi akiulize chuo: Je, waliohitimu hapa wamepewa leseni na KNRA? Mafunzo ya vitendo hufanyika hospitali gani? Kisha athibitishe majibu hayo na KNRA yenyewe.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kama anayempiga picha ana leseni.