Ukiagiza programu ng'ambo, ufunguo usibaki huko

WAZEE wetu wa Mji Mkongwe walikuwa mahodari wa kuagiza. Msimu wa kaskazi majahazi yaliwaletea bidhaa kutoka Bara Hindi na Uarabuni. Mzigo ulipofika bandarini ulifunguliwa, ukakaguliwa, kisha ukaingizwa ghalani. Hapo ukawa mali yao.

Leo wajukuu wao huagiza kitu kisichoshikika: programu ya kompyuta. Mwenye nyumba ya wageni Shangani au duka la viungo Darajani huweza kuwapa kazi hiyo mafundi walioko India au Pakistan, akivutiwa na unafuu wa bei. Hapana ubaya; biashara ya mbali ni desturi yetu. Hatari imo katika makabidhiano.

Programu hutengenezwa kwa maandishi ya maagizo yaitwayo msimbo. Anayepewa programu bila msimbo wake amepewa matumizi, hakupewa mali. Tuchukulie familia inayoishi kwa nyumba ya wageni ya urithi. Tovuti imesajiliwa kwa jina la fundi, nywila anazo yeye, na orodha ya wageni waliokwisha kulipia vyumba imo mikononi mwake. Wakihitilafiana naye katikati ya msimu wa watalii, ada za skuli na mishahara ya watumishi itatoka wapi? Kumshitaki mtu aliye nchi nyingine huweza kugharimu kuliko programu yenyewe.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qur'an, inatufunza kuandikiana madeni ya muda na kuweka mashahidi. Fedha iliyotangulizwa kwa kazi ya baadaye nayo ni deni. Basi tuandikiane: kazi gani, kwa muda gani, na malipo kwa hatua. Msimbo uwe mali ya mteja na ukabidhiwe kila hatua inapokamilika. Jina la tovuti na nywila ziwe zake tangu siku ya kwanza.

Na shahidi awe mjuzi. Chuo Kikuu cha Taifa Zanzibar (SUZA) hufundisha fani ya kompyuta, na mwaka 2023 chuo cha IIT Madras cha India kilifungua tawi lake Bweleo, hapa hapa Unguja. Tumwombe kijana aliyesoma fani hiyo aukague msimbo kabla hatujatoa malipo ya mwisho, kama wazee walivyofungua mzigo bandarini. Ujira wake tuuhesabu tangu mwanzo kuwa sehemu ya bei.