Michezo Iletayo Faida

Kengele ya mapumziko ikilia, watoto wa shule katika Izigo, nchi ya Buhaya, hutoka darasani mbio. Wengine huufuata mpira uliofungwa kwa majani makavu ya migomba. Wengine huchuchumaa kivulini kucheza bao. Wengine hucheza mdako. Watu wazima wakiwatazama, mmoja husema, "Mchezo ni upuzi, mtoto na ashike kitabu." Mwingine husema, "Mwacheni acheze apendavyo." Wote wawili wamekosea. Mchezo ni kama chakula: si kila kijazacho tumbo huleta nguvu. Kwa hiyo yampasa mtoto ajue kuchagua, na maswali ya kujiuliza ni matatu.

Swali la kwanza: Je, mchezo huu huamsha akili? Tazama bao. Mashimo yake ni safu 4, na kila safu ina mashimo 8, jumla 32. Na kete ni 64. Jirani zetu wa Uganda wana mchezo wa namna hiyo uitwao omweso, na wa Rwanda wana igisoro. Sheria za kula hutofautiana, lakini idadi ya mashimo na kete ni ile ile. Katika bao la Waswahili wa pwani kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, na 22 huwekwa akiba. Mchezaji huchota kete za shimo moja, akazitia moja moja katika mashimo yafuatayo. Akichota 5, ya mwisho huangukia shimo la tano. Asiyehesabu hubahatisha tu, na kete zake huliwa. Ahesabuye huona mwisho wa safari kabla mkono wake haujaondoka. Hiyo ni hesabu bila chaki. Lakini katika mchezo utegemeao dadu peke yake, mvivu na mwenye bidii ni sawa, kwa maana hapana la kufikiri.

Swali la pili: Je, aliye mdogo au dhaifu hupata nafasi? Mpira hufundisha kusaidiana, lakini wakubwa wakiushika peke yao, wadogo husimama kando kama miti ya ua. Dawa yake si kuuacha mpira, bali kuwagawa wakubwa na wadogo sawasawa katika pande zote mbili. Tena kuna michezo isiyotaka nguvu wala mbio. Katika mdako, mtoto hurusha kijiwe kimoja juu, akavitoa vingine shimoni, kisha akakidaka kile cha kwanza kabla hakijaanguka. Hapo mtoto asiyeweza kukimbia huwashinda hodari wa mbio, maana kinachotakiwa ni jicho na mkono.

Swali la tatu: Je, mchezo huu huchukua nini? Kila mchezo huchukua wakati, na mwingine huchukua mali pia. Mtoto aliyepewa fedha ya daftari, akaiweka katika pata potea, hapotezi fedha tu. Jioni humdanganya mama yake, na kesho hukaa darasani bila kuandika. Mchezo wa namna hiyo haufai hata ukiwa mtamu. Na ule ulio mwema nao hugeuka kuwa mbaya ukimsahaulisha mtoto maji ya kuchota na somo la kusoma. Hata michezo iliyomo katika simu siku hizi ipimwe kwa swali hilo hilo.

Lakini kuchagua mchezo mwema hakutoshi, kama mchezaji mwenyewe si mwema. Fikiri juu ya mvulana mkubwa anayecheza bao na mdogo wake kivulini. Mkubwa anashindwa, wenzake wanacheka, naye kwa hasira anazitawanya kete zote mchangani. Bao halikukosa, aliyekosa ni yeye. Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Sasa mbele yake ziko njia mbili. Aweza kuondoka amenuna, na kesho atashindwa vile vile, kwa sababu hajui kosa lake. Au aweza kuinama, aziokote kete moja moja mpaka zitimie 64, kisha amwambie yule mdogo, "Nionyeshe ulivyohesabu." Akichagua njia hiyo ya pili, ameshindwa bao moja tu, lakini amejifunza kuhesabu, na tena amejifunza kuitawala hasira yake. Hiyo ndiyo faida ya mchezo, nayo haiishi kengele ikilia.