Kila Maji na Mwezi Wake

Anayetaka kuzunguka nchi na fimbo ya kuvulia huanza kwa kufungua ramani, na ramani ya Tanzania inatia tamaa: Victoria kaskazini, Tanganyika magharibi, Nyasa kusini, na mabwawa ya Mtera na Nyumba ya Mungu yakiwa njiani. Huyaunganisha kwa kalamu, akahesabu kilomita na nyumba za kulala wageni, akaona safari imekamilika. Tatizo ni kwamba ramani humwonyesha maji yalipo, haimwambii yatakuwa na hali gani siku atakayofika. Safari ya aina hii hupangwa kwa mwezi kwanza na barabara baadaye, na atakayekubali hilo ajiandae kufuta zaidi ya nusu ya vituo vyake.

Tuanze na Tanganyika, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wageni wengi. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470, lakini kina hicho hakimsaidii mvuvi: maji ya chini hayana oksijeni, kwa hiyo samaki wote wanabanana katika tabaka la juu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na migebuka hufuata dagaa. Taa hufanya kazi penye giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hutawanyika, na mitumbwi mingi hupumzika ufukweni. Mgeni aliyeteremka Kigoma mwezi ukiwa mpevu, hata kama alipanga kila kitu kwa ustadi, atakuta watu wanashona nyavu. Kuna pia upepo wa kusi, ambao huvuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi karibu Septemba na kulichafua ziwa. Na kuna sheria: mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatia makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia ya kuwapa samaki muda wa kuzaliana. Upepo, mwezi na sheria vyote vinazungumza lugha ya tarehe. Anayetaka Kigoma ana sababu nzuri za kungoja Septemba au Oktoba, usiku wa giza.

Victoria inakwenda kinyume. Ni pana sana, kilomita za mraba zipatazo 68,800, ila kina chake kirefu ni kama mita 80 tu. Kusi ya Juni hadi Agosti huyakoroga maji mpaka chini, oksijeni ikaenea, na sangara wakawa na nafasi ya kutawanyika. Upepo ukitulia na joto likipanda, maji ya chini huanza kukosa hewa, hivyo sangara husogea juu na kwenye kina kifupi, ambako ndoana inafika. Miezi hiyo ya joto, kwa bahati mbaya, ndiyo pia yenye radi na dhoruba, na juu ya ziwa hili dhoruba kali hupenda kujikusanya usiku hadi alfajiri. Wavuvi wa dagaa wa Mwanza huingia ziwani usiku, ni kweli, lakini wao wamekua wakilisoma wingu. Mtu aliyezoea Kigoma akihamishia ratiba yake ya usiku Ukerewe anacheza na roho yake. Hapa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na jaketi la kujiokolea vina uzito kuliko chambo.

Mabwawa yana bwana mwingine kabisa. Mtera, takriban katikati ya Dodoma na Iringa, lilijengwa kuhifadhi maji ya kuzalisha umeme pale pale na chini zaidi Kidatu. Usawa wake umepangiwa kuchezea kati ya mita 690 na 698.5 juu ya bahari. Mita nane na nusu zinasikika ndogo, lakini ardhi ya kingo zake ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka ufuko huhama mbali na kuacha tope. Mvua zinapokwisha, Mei na Juni, maji hufunika nyasi za kingo na perege huja kula humo. Novemba pale pale pana matope na ndege.

Wapo watakaosema kwamba mfanyakazi huchukua likizo anapopewa, hachagui mwezi. Sawa, basi mwezi na uchague maji: likizo ya Juni iende Mtera, ya Oktoba Kigoma, ya Februari Mwanza. Pingamizi zito zaidi ni kwamba sangara na sato wako sokoni mwaka mzima, kwa hiyo samaki hawakosekani. Soko hulishwa na maelfu ya mitumbwi na nyavu. Mgeni ana ndoana moja na siku tatu. Na kumwajiri mvuvi mwenyeji, kama wengi wanavyoshauri, ni jambo la lazima, lakini mwenyeji wa Kyela anaijua mbasa ya Nyasa, hana habari na Mtera.

Kibali kitafutwe ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla ya kukata tiketi, na mwaloni mgeni ajitambulishe kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Sangara chini ya sentimita 50 harudi na mtu nyumbani. Hifadhini uvuvi kwa kawaida ni marufuku, ila Kisiwa cha Rubondo huruhusu uvuvi wa burudani kwa kibali.

Linabaki bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lililoanza kujazwa Desemba 2022, nalo limo ndani ya hifadhi. Bwawa jipya huzamisha miti na majani, yakaoza, samaki wakanenepa kwa miaka michache, kisha mavuno yakashuka. Nyumba ya Mungu, lililokamilika miaka ya 1960, lilipita njia hiyo hiyo. Nani wa kumwambia msafiri mwezi mzuri wa kwenda Rufiji? Ziwa hilo bado halijapata wazee.