Kuziba kwa Utumbo kwa Watoto Wachanga

Mtoto mchanga hutazamiwa kupata choo chake cha kwanza katika muda wa saa 24 baada ya kuzaliwa. Choo hicho ni cheusi chenye ukijani, nacho hunata kama lami. Kisipotoka, tumbo likavimba, na mtoto akatapika matapishi ya kijani, yapasa kushukiwa kwamba utumbo umeziba. Ukijani huo ni nyongo, ambayo humiminika mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Ikirudi juu, huenda njia imefungwa mbele yake.

Sababu nyingi huanza mimbani. Karibu na juma la 6 utumbo hukua upesi kuliko nafasi iliyomo tumboni, hata sehemu yake huingia katika kitovu. Karibu na juma la 10 hurudi ndani ukijizungusha, kisha hushikamana na ukuta wa nyuma wa tumbo. Usipojizungusha sawasawa, hubaki ukining'inia kwenye shina jembamba, nao waweza kujisokota na kujikatia damu. Hatari hii hupita nyingine zote, kwa maana utumbo uliokosa damu hufa katika saa chache.

Watoto wengine huzaliwa sehemu ya utumbo ikiwa haina uwazi. Wengine, takriban mmoja katika kila 5,000, hawana tundu la haja kubwa mahali pake. Upo pia ugonjwa ulioelezwa mwaka 1886 na Harald Hirschsprung, daktari wa Denmark: mwisho wa utumbo mpana hukosa seli za neva, hivyo haulegei kupitisha choo.

Uchunguzi huanza kwa macho: mkunga hutazama kama tundu la haja kubwa lipo. Kisha hupigwa picha ya eksirei. Viputo viwili vya hewa, bila hewa yoyote chini yake, huonyesha kwamba duodeni imeziba. Ugonjwa wa Hirschsprung huthibitishwa kwa kutazama kipande kidogo cha utumbo kwa hadubini.

Kabla ya upasuaji mtoto hapewi chochote kwa mdomo. Mpira mwembamba hupitishwa puani hadi tumboni ili kutoa matapishi na hewa; maji yenye chumvi na sukari hutiwa mshipani, na mwili huwekwa katika joto. Ndipo daktari hunyosha utumbo uliosokotwa, au huunganisha sehemu zilizo nzima. Pengine hufungua kwanza njia ya muda ya choo kwenye ukuta wa tumbo.

Kucheua maziwa meupe ni jambo la kawaida. Lakini matapishi ya kijani yasidhaniwe kuwa ni chango, wala mtoto asinyweshwe dawa ya mizizi huku siku zikipita. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku, kwa kuwa utumbo ukishakufa, upasuaji hauwezi kuufufua.