Mawingu ya kwenye kompyuta hukaguliwa vipi?

Kompyuta ikisema mvua zitabadilika Ziwa Victoria miaka 30 ijayo, iaminiwe vipi? Kwanza inaangaliwa kama inayajua mawingu ya leo.

Modeli za tabianchi za kanda hugawa eneo katika miraba, mara nyingi yenye upana wa kilomita 10 hadi 50. Tatizo ni kwamba wingu la mvua linaweza kuwa dogo kuliko mraba mmoja. Hapo kompyuta hailioni, inalikadiria tu.

Ndipo setilaiti zinapoingia. Meteosat, iliyoko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, huipiga picha Afrika kila dakika 10 hadi 15. CloudSat, iliyorushwa 2006, ilipima ndani ya mawingu kwa rada.

Wataalamu hulinganisha mawingu ya pande zote mbili: yako kimo gani, na yanatokea saa ngapi. Modeli nyingi huleta mvua ya nchi kavu mapema mno, karibu saa 6 mchana, wakati setilaiti huionyesha zaidi alasiri na jioni. Ndani ya Ziwa Victoria, dhoruba hushika kasi usiku hadi alfajiri, wavuvi wakiwa majini.

Kwa nini saa ni muhimu? Wingu la mchana huzuia jua. La usiku huzuia joto lisitoke. Jumla ya mvua inaweza kuwa sahihi, lakini ukikosea saa, hesabu ya joto nayo inaharibika.

Met Office ya Uingereza ilipojaribu modeli ya Afrika yenye miraba ya kilomita 4.5 hivi, saa za mvua zilikaribia zaidi zile za setilaiti.