Kuanika, Kuanua na Kutunza Mbegu katika Hewa ya Pwani: Mfano wa Gede

Miongoni mwa mifano inayotolewa mara kwa mara darasani kuhusu kauli ya kutendua ni jozi ya anika na anua. Kilichofungwa hufunguliwa, kilichotegwa huteguliwa, na kilichoanikwa huanuliwa. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa kwa nini lugha ilihitaji kitenzi mahususi cha kuondoa kitu juani. Jibu liko uani, hasa katika maeneo kama Gede, kusini ya Malindi, ambako mahindi ya masika huvunwa mnamo Agosti huku manyunyu ya mchoo yakiwa hayajakoma. Makala haya yanafafanua jinsi mbegu inavyokaushwa na kutunzwa mahali penye joto na unyevu kwa pamoja, na kuonyesha kwamba uzito wa kazi hiyo uko katika kuanua na yanayofuata, zaidi ya kuanika kwenyewe.

Mbegu ni kitu hai. Hupumua, na hubadilishana unyevu na hewa inayoizunguka mpaka viwili hivyo vilingane. Gede iko baina ya bahari na msitu wa Arabuko-Sokoke, na hori ya Mida haiko mbali; si ajabu unyevu wa hewa kuzidi asilimia 75. Katika hewa ya namna hiyo, punje ya mahindi hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hivi, hata ikianikwa wiki nzima. Jua la mchana huushusha, umande wa usiku huurudisha. Mkulima anayeacha mbegu zake uani hadi magharibi anatengua kwa saa chache kazi ya siku nzima.

Asilimia hizo chache zina maana kubwa. Mtaalamu wa mbegu James Harrington, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, alitoa kanuni inayotumiwa hadi leo: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka maradufu, na kila joto la ghala linapopungua kwa nyuzi 5 za selsiasi, umri huo huongezeka maradufu vilevile. Benki ya mbegu ya taifa iliyoanzishwa Muguga mwaka 1988 hutumia njia zote mbili, kwani hukausha mbegu na kuzihifadhi katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Mkulima wa Gede hana jokofu la aina hiyo. Hata hivyo, akiweza kuutoa unyevu kutoka asilimia 14 hadi 11, mbegu yake itaishi mara 8 zaidi katika joto lilelile.

Wagiriama walikuwa na jawabu lao, nalo ni lutsaga. Neno hili ni ndugu wa uchaga wa Kiswahili: lu- ya Kigiriama hulingana na u-, kama katika lulimi na ulimi, na ts hulingana na ch, kama katika matso na macho. Lutsaga ni dari ya kuhifadhia nafaka, iliyojengwa juu ya meko. Mahindi hupangwa humo yakiwa na maganda yake, na moto wa kupikia huyafukiza kila siku. Maarifa yake yamo katika jambo moja: ukaushaji haukomi. Unyevu ulioingia usiku hufukuzwa na ugali wa mchana, na moshi huwasumbua fukusi. Kwa mbegu, lakini, kuna tahadhari. Joto likizidi nyuzi 40 hivi, kiini cha punje mbichi huweza kufa. Punje iliyokufa haina alama. Huliwa vizuri tu, na kifo chake hujulikana shambani baada ya mvua, wakati ambapo umekwisha kupita.

Siku hizi nyumba nyingi zimeezekwa mabati na jiko limetoka nje. Tena amezuka mdudu ambaye lutsaga haikumjua. Dumuzi, mwenye asili ya Amerika ya Kati, alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kufika Taveta mwaka 1983. Wakulima wa Tanzania walimwita Skania kwa jina la lori, na baadhi ya Wakenya wakamwita Osama. Hutoboa punje, bunzi, na hata miti ya ghala.

Moto unapoondoka, njia inayobaki ni kufunga: mbegu iliyokauka itiwe katika chombo kisichopitisha hewa, kama vile chupa, mtungi wenye mfuniko wa kukaza, au mifuko ya tabaka tatu inayouzwa madukani. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa. Lakini kufunga mbegu mbichi ni kufuga kuvu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao katika Makueni na Kitui.

Kipimo rahisi ni chumvi kavu. Hutiwa pamoja na punje katika chupa kavu, ikatikiswa na kuachwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, nafaka imefaulu, ila mbegu bado. Kwa mbegu chache, za mchicha au bamia kwa mfano, mchele uliokaangwa hadi ukageuka rangi, ukapozwa ndani ya chombo kilichofungwa, huwekwa chini ya kifurushi cha mbegu nao hunywa unyevu uliosalia. Majani makavu ya mkilifi, yaani mwarobaini, huchanganywa na mbegu ili kuwafukuza wadudu, hayakaushi. Aidha, ikumbukwe kwamba embe, nazi na fenesi haziingii katika kanuni hii: mbegu zake zikikauka hufa, hivyo hupandwa mapema.

Suala hili lina upande wa sheria pia. Marekebisho ya mwaka 2012 ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea yalifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kuwa kosa lenye adhabu ya hadi miaka 2 gerezani au faini ya hadi shilingi milioni 1. Mahindi ya kienyeji kama mdzihana yaliangukia humo. Mnamo Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos ilitamka kuwa vifungu hivyo vinapingana na katiba.

Mwezi mmoja kabla ya masika, punje 10 huviringishwa katika kitambaa chenye maji na kuangaliwa baada ya juma moja. Zikiota chini ya 8, muda wa kubisha hodi kwa jirani bado upo.