Spray, Chombo Kilichoundwa Mara Mbili

Katika Kiswahili nyumba hujengwa, bali chombo huundwa. Na chombo kilichochakaa, kikitiwa ubao mpya na kukalafatiwa, husemwa kimetengenezwa. Maneno hayo mawili, kuunda na kutengeneza, yaonekana kuwa mbali. Lakini habari za jahazi liitwalo Spray zaonyesha ya kuwa mpaka kati yao si rahisi kuuona.

Mwaka 1892 nahodha Joshua Slocum, mzaliwa wa Nova Scotia, alikuwa hana chombo, kwa kuwa meli za moshi zilikwisha kuzishinda meli za matanga. Ndipo nahodha Eben Pierce, mvuvi wa nyangumi, akampa chombo huko Fairhaven, Marekani. Slocum alipokwenda kukitazama alikikuta kondeni, kimetegemezwa na kufunikwa turubali: jahazi kuukuu la kuvulia chaza. Wenyeji wakadhani amekuja kulivunja.

Akaangusha mwaloni uliokuwa karibu, akachonga mkuku. Mataruma akayalainisha kwa mvuke, akayapinda. Kisha akapigilia mbao za msonobari, unene wake inchi moja na nusu. Kazi ikachukua miezi 13 na dola 553 na kitu. Kila kitu cha kale kilipotolewa, kipya kilitiwa mahali pake, hata yeye mwenyewe akasema ni vigumu kujua chombo cha kale kilikufa lini na kipya kikazaliwa lini. Jina halikubadilishwa.

Urefu wake ulikuwa futi 36 na inchi 9, upana futi 14 na inchi 2. Tarehe 24 Aprili 1895 Slocum akatweka tanga Boston, naye yu peke yake. Akafika Gibraltar, akageuka kuivuka Atlantiki tena, akapita Mlango wa Magellan, na katika safari hiyo akaongeza mlingoti mdogo wa nyuma, ndio galmi. Chombo kilishika njia chenyewe hivi kwamba katika siku 23 za Bahari ya Hindi, toka Thursday Island hata visiwa vya Cocos, yeye alishika usukani saa 3 tu hivi. Akapita Mauritius na Rasi ya Tumaini Jema, akatia nanga Newport tarehe 27 Juni 1898, baada ya maili 46,000. Hakuna ajulikanaye aliyeizunguka dunia peke yake kabla yake. Kabla ya mwaka 1910 alisafiri tena kwa chombo kile kile, wala hakuonekana tena, yeye wala chombo.

Je, Spray iliundwa au ilitengenezwa? Slocum alijibu kwa kanuni ya Lloyd's ya London: chombo kikitengenezwa kidogo kidogo hata kikawa kipya chote, ni kile kile. Tangu hapo watu wengi wameunda vyombo kwa vipimo vyake, lakini hakuna asemaye kwamba hivyo ndivyo Spray, ijapokuwa umbo ni moja. Basi twaona kwamba si mbao wala umbo peke yake lishikalo jina la chombo, bali ni mfululizo wa kazi usiokatika. Panapokatika, hapo ndipo fundi huanza kuunda.